Bunduki, Tambara na Daftari: Historia Fupi ya Silaha ya Umma Shinyanga na Geita

Mhariri aliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, nilidhani angetaka habari za almasi ya Mwadui au dhahabu ya Geita, kwani hizo ndizo habari ambazo sisi watu wa huku huulizwa tukiwa ugenini. Nimemwomba radhi nizungumzie jambo jingine, na sababu yenyewe ni hii.

Jioni ya mkutano uliopita tulikaa meza moja watu wa marika matatu. Kaka zetu waliomaliza kidato cha sita kabla ya 1994 walikuwa wakisimulia Jeshi la Kujenga Taifa, walikokwenda kwa mujibu wa sheria: huyu Bulombora, yule Msange, mwingine Rwamkoma. Wadogo zetu waliomaliza baada ya 2013 nao walikuwa na simulizi za makambi hayo hayo. Sisi wa katikati tulikaa kimya, maana mpango ule ulisimamishwa 1994 na ukarejeshwa 2013, nasi tukapita katika pengo hilo bila kuvaa kombati. Nikasikiliza. Rika la kwanza na rika la mwisho walikuwa wamepishana miaka mingi, lakini walielewana papo hapo juu ya jambo moja, nalo ni kufungua bunduki, kuisafisha na kuifunga tena huku afande amesimama nyuma yako na saa mkononi.

Mimi nami niliwahi kufanya kazi hiyo, kwa njia ya mgambo, tena kwa aibu. Aibu hiyo nitaieleza mbele. Kwanza hebu tuone bunduki yenyewe ilifikaje kwetu.

Zama za gobore

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kupitia Unyamwezi ilileta bunduki nyingi za kushindiliwa kwa mdomo, ambazo wazee wetu waliziita magobore. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, alijenga dola lake kwa vijana wake wa rugaruga waliobeba bunduki hizo. Mtemi Isike wa Unyanyembe naye alipambana na Wajerumani, na walipoivunja ngome yake huko Tabora mnamo Januari 1893 alilipua ghala lake la baruti akiwa humo ndani.

Wakati wa ukoloni bunduki ilikuwa chombo cha serikali dhidi ya raia. Askari wa Kiingereza walibeba zile zinazojulikana mpaka leo kwa jina la Mark IV, ambazo mpigaji hulazimika kuvuta bolti kwa mkono kila baada ya risasi moja. Raia wa kawaida, asipokuwa mwindaji mwenye kibali, hakuigusa.

Silaha mpya ya taifa jipya

Mnamo Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Serikali ilitafuta walimu na silaha mahali pengine, hasa China, na ndipo ilipoingia nchini ile bunduki ambayo polisi, mgambo na magazeti yetu huiita SAR.

Mbunifu wake alikuwa Mrusi, Sergei Simonov, aliyeibuni mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Wachina walianza kuitengeneza 1956. Uzito wake ni karibu kilo nne, magazini yake imejengewa humo humo na huchukua risasi 10, na singe yake hukunjwa chini ya mtutu. Inavyofanya kazi ni hivi: risasi inapolipuka, sehemu ya gesi hupenya kwenye tundu dogo la mtutu na kusukuma pistoni, pistoni husukuma bolti nyuma, ganda tupu huruka nje, kisha spiringi huirudisha bolti mbele ikiwa imebeba risasi nyingine. Mtu hufyatua mara moja ikatoka risasi moja, na bunduki hujikoki yenyewe. Hapo ndipo inapotofautiana na SMG, ambayo ukishikilia kifyatulio huendelea kumimina.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa nani aibebe. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kwa vijana wa kujitolea. Serikali ilipotaka wasomi nao waende kwa lazima, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mnamo Oktoba 1966, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao takriban 400. Baadaye, Februari 1971, mara baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, TANU ilitoa Mwongozo wake uliosisitiza kwamba ulinzi ni kazi ya umma wote. Mgambo ukaenea vijijini na makazini. Kwa mara ya kwanza mkulima wa pamba wa Shinyanga alikabidhiwa bunduki ya serikali, akafundishwa kuifungua, akaisafisha, na jioni akairudisha ghalani na namba yake ikawekewa alama katika daftari.

Baba yangu alikuwa mmojawapo. Alikuwa akisema kwamba gobore la babu lilikuwa la babu, lakini SAR haikuwa yake, bali alikuwa ameazimwa na nchi.

Vita na yaliyofuata

Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi letu liliongezwa upesi kwa polisi, magereza, JKT na maelfu ya mgambo, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mimi nilizaliwa mwaka huo, baba akiwa bado hajarudi. Aliporudi alikabidhi bunduki yake, akatia kidole gumba katika daftari, akarejea shambani.

Lakini si kila bunduki ya vita ile ilirudi katika daftari. Nyingine ziliokotwa, nyingine ziliuzwa njiani, nyingine zilikuwa za adui aliyekimbia. Katika miaka ya 1980 na 1981 ujambazi na wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha uliikumba mikoa ya Shinyanga na Tabora. Kwetu waliingia usiku, wakafyatua hewani mara tatu, wakaondoka na ng'ombe 17. Baba, aliyeijua bunduki vizuri kuliko wao, alilala chini ya kitanda pamoja na mama na mimi. Hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa ameirudisha yake kama sheria ilivyotaka.

Hapo ndipo historia ilipogeuka kwa namna ambayo wadogo zetu aghalabu hawaielewi. Mnamo 1981 na 1982 wanavijiji wa Kahama na Shinyanga waliunda sungusungu, au basalama kama walivyojiita. Silaha zao zilikuwa upinde, mishale na filimbi. Mwano ukipigwa, kila mwanamume alitoka, na njia zote zilifungwa mpaka mwizi apatikane. Katika nchi iliyokwisha kupigana vita vya vifaru na makombora, watu walirudi kwenye upinde. Si kwamba hawakuijua bunduki, la hasha. Bunduki ilikuwa imepoteza uaminifu wake, kwa kuwa mtu aliyeonekana nayo usiku alidhaniwa kuwa jambazi. Upinde ulikuwa wa kila mtu, na kila mtu alijua nani anao.

Nisiwadanganye. Sungusungu nao walikosea, na katika baadhi ya vijiji walitesa watu na hata kuua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Serikali iliwaunga mkono huku ikitafuta namna ya kuwaweka ndani ya sheria, na mnamo 1989 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za mgambo yaliyowapa madaraka na mipaka. Wapiga upinde nao, kwa maneno mengine, iliwabidi waingie katika daftari.

Siku ya grisi

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mwaka 2001 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nangojea kwenda Chuo Kikuu. Nilikuwa nakaa kwa mjomba katika wilaya ya Geita, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Mwanza. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, na ule mpya mkubwa ulikuwa umefunguliwa 2000. Vijana walikuwa wakimiminika, wengine kwenye machimbo madogo ya Nyarugusu na Rwamgasa, wengine wakitafuta kazi ya ulinzi. Kazi ya ulinzi ilitaka cheti cha mgambo. Mjomba akasema nisikae bure. Nikajiandikisha.

Tulikuwa kama 90. Mwalimu wetu alikuwa sajini mstaafu, mzee wa vita vya Kagera, mtu wa maneno machache. Kwa wiki nyingi tulipiga kwata kwa fimbo za miti. Kisha siku moja likaletwa sanduku la mbao lenye SAR 12. Zilikuwa zimetengenezwa miaka mingi iliyopita, lakini hazijawahi kufyatuliwa hata mara moja. Zilikuwa zimezungushiwa karatasi ya mafuta, na ndani yake kila tundu na kila kona ilijaa grisi ya kahawia iliyoganda kama gundi. Afande akatuambia kuwa bunduki ya namna hiyo ni hatari kuliko bunduki kuukuu, akatugawa katika makundi.

Kwanza tulihakikisha kuwa haina risasi, japokuwa ilikuwa imetoka sandukuni. "Hata ikitoka tumboni mwa mama yake, hakikisha," alisema. Ukachomolewa ufito wa chuma ulio chini ya mtutu. Kikafunguliwa kifuniko cha nyuma, ikatoka spiringi ndefu, ikafuata bolti na kibebeo chake. Kikageuzwa kishikizo cha pembeni, likatoka bomba la gesi na pistoni yake. Mwisho kikatoka kifyatulio na sanduku lake, na ubao ukaachana na chuma. Vyote tulivipanga juu ya turubai kwa mfuatano wa kutoka, maana vitarudi kwa mfuatano wa kinyume. Na namba za vyuma ziangaliwe, kwani bolti ya bunduki hii haiolewi na bunduki ile.

Vyuma vilitumbukizwa katika maji yanayochemka, grisi ikayeyuka na kuelea juu, kisha vikasuguliwa kwa mafuta ya taa na matambara. Mtutu ulipitishwa tambara mara baada ya mara mpaka tambara litoke jeupe. Mbao zilianikwa juani, na jua la Geita likazitoa jasho la grisi mchana kutwa, nasi tukilifuta. Baada ya hapo kila chuma kilipakwa mafuta kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu.

Jambo moja afande alilirudia mara tatu. Ndani ya bolti kuna pini nyembamba ya kupigia fataki ya risasi. Katika bunduki hii pini hiyo haina spiringi ya kuirudisha, inaelea tu. Grisi ikibaki ndani, pini yaweza kuganda ikiwa imechomoza mbele, na hapo bolti ikijifunga juu ya risasi, risasi hulipuka yenyewe. Kwa hiyo pini lazima itolewe, tundu lake lisafishwe, irudishwe, kisha bolti itikiswe karibu na sikio. "Lazima iseme," alisema. Pini iliyo huru hulia, tik, tik. Iliyoganda ni bubu.

Kutoa pini ile kulitaka kugonga kijiti kidogo cha chuma kwa uangalifu, nasi tulikuwa na nyundo moja kwa makundi yote. Foleni ilikuwa ndefu na filimbi ya chakula ilikuwa imekwisha kulia. Kundi langu waliniachia bolti mimi, kwa kuwa nilikuwa ndiye msomi wao wa kidato cha sita. Nikaitazama. Kwa nje iling'aa. Nikaifuta mara moja zaidi, nikaifunga bunduki upesi kuliko wote. Afande alipopita aliniuliza, "Imesema?" Nikajibu, "Imesema, afande."

Siku ya shabaha tulilala kifudifudi mbele ya tuta la udongo. Tulitazamia risasi kumi kumi, lakini afande akatoa mbili mbili tu. Alisema bunduki mpya hujaribiwa kama daraja jipya, hupitishwi ng'ombe wote kwa pamoja. Tukanung'unika. Zamu yangu ikafika, nikaweka risasi zangu mbili, nikaachia bolti. Kidole changu kilikuwa bado nje. Bunduki ililia, ikaruka, ikalia tena. Ya kwanza ilirusha vumbi hatua chache mbele yangu. Ya pili ilipita juu ya tuta.

Afande alikuwa juu yangu kabla sijajua kilichotokea. Alifungua bunduki pale pale, akatoa bolti, akaitikisa kwenye sikio langu. Haikusema kitu.

Nyuma ya tuta lile kulikuwa na bonde, na ng'ambo ya bonde watoto walikuwa wakichunga mbuzi. Walitumwa watu wawili kwenda kutazama. Walikaa karibu saa mbili. Katika maisha yangu nimefanya mitihani mingi na kungoja matokeo mengi, lakini sijapata kungoja kama vile. Waliporudi walisema watoto ni wazima. Mmoja alisikia kitu kikipita juu yao kama nyuki. Wenzangu wakacheka kwa kufarijika. Mimi sikuweza.

Nilitazamia kurushwa kichura au kufukuzwa. Afande aliniletea daftari la silaha na kalamu. Mbele ya namba ya bunduki ile aliniamuru niandike kwa mkono wangu kwamba haikusafishwa ndani ya bolti, na kwamba aliyesema imesafishwa ni mimi, kisha nitie saini. Usiku huo nilitoa pini za bunduki zote 12, mbele ya taa ya chemli, na kila bolti ilipokwisha nilimpelekea aisikilize.

Kuizoea

Kesho yake tulipiga tena, mbili, kisha tano, kisha kumi. Bunduki mpya na mtu mpya huhitaji kuzoeana. Yangu ilikuwa ikipiga chini na kulia. Jambo linalowachanganya makuruta wengi ni kwamba kilengeo cha mbele husogezwa kufuata kosa: risasi zikipiga chini kilengeo hushushwa, zikipiga kulia husogezwa kulia. Ilichukua alasiri nzima mpaka matundu yakakusanyika katikati.

Na jioni, japokuwa tulichoka, hakuna aliyekula kabla ya kusafisha. Fataki za risasi nyingi za zamani za aina ile huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu, hasa kwetu karibu na ziwa. Mafuta peke yake hayaiondoi. Ni maji ya moto kwanza, kisha kukausha, kisha mafuta. Ukilala bila kufanya hivyo, asubuhi utakuta kutu. Bunduki zikafutwa, zikahesabiwa, zikawa 12, namba zikawekewa alama, ghala likafungwa.

Nilimsimulia baba habari hizi likizo iliyofuata. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kama niliandika jina langu lote katika daftari lile. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi."

Neno kwa wadogo zetu

Ndugu wasomaji, nimekuwa mtumishi wa umma kwa zaidi ya miaka 18 sasa, kwa sehemu kubwa katika wilaya zile ambazo tangu 2012 ni Mkoa wa Geita. Sijashika tena bunduki. Lakini hutia saini kila siku: dawa za zahanati, magari, karatasi za mitihani, fedha za madawati. Kila kimojawapo huletwa mezani kikiwa kimeng'aa kwa nje, na mara nyingi filimbi ya chakula imekwisha kulia.

Historia niliyoieleza hapa yanionyesha kwamba silaha ya umma hubaki ya umma kwa vitu viwili vidogo, tambara na daftari. Daftari lilipopotea baada ya vita, bunduki zilizokwenda kumtoa nduli zilirudi kuchukua ng'ombe wa watu waliozipigania. Tambara lilipopitishwa kwa uvivu, nusura mimi mwenyewe niue mtoto nisiyemjua, nikiwa na cheti cha kidato cha sita mfukoni. Hayo hayakuhitaji adui kutoka nje.

Ninyi mtakaokwenda JKT mwaka huu mtapewa bunduki iliyokwisha kupita katika mikono ya wengi, nanyi mtaona kuisafisha ni adhabu. Isafisheni. Afande akiuliza kama imesema, na haikusema, mwambieni haikusema, hata kama chakula kitawapoa.

Nawatakieni mkutano mwema.